Maneno Yangu Kinywani mwa Malkia

Nilikuwa nakunja dera la kijani la mteja niliposikia maneno yangu yakitoka kwa kinyozi, ng'ambo ya barabara.

"Ukinitaka, nitake mpaka mlangoni kwa baba yangu," ilisema sauti nyembamba ya mwanamume anayeigiza mwanamke. "Nusu njia sitaki."

Watu wakaangua kicheko.

Mikono yangu ilikwama juu ya kitambaa. Maneno hayo nilikuwa nimeyasema mara moja tu maishani mwangu, miaka miwili iliyopita, kule Kona Baridi, upepo ukinipeperushia mtandio usoni na Leshan amesimama hatua mbili kutoka kwangu kwa sababu nilikuwa nimemkataza kunishika mkono. Tulikuwa sisi wawili tu, na bonde lote chini yetu. Aliniangalia mpaka nikainamisha macho. "Basi nitakutaka mpaka mlangoni," akaniambia. Siku hiyo ndiyo nilijua mimi nimekwisha.

Sasa kinyozi wa Kitengela na wateja wake walikuwa wanayacheka.

"Samsam! Wacha hiyo kazi, kuja uone!" Nduta, fundi wa nguo wa duka lililopakana na langu, alikuwa amesimama mlangoni pa kinyozi akijipangusa machozi ya kicheko. "Hii muvi imeniua leo. Na si ni Leshan wako ameifanya?"

Kitengela nzima iliijua sauti ya Leshan. Kazi yake ilikuwa kuchukua filamu za zamani za ng'ambo na kuzitia maneno ya Kiswahili, wahusika wote akiwaigiza yeye mwenyewe: mzee, mtoto, jambazi, bibi harusi. Watu walibeba filamu zake ndani ya simu kutoka Rombo mpaka Ewuaso Kedong. Hakuna aliyejali kama maneno yake yanalingana na ya wale Wazungu. Walitaka kucheka na kulia kwa Kiswahili wanachokiongea wenyewe.

Na filamu hii niliijua vizuri. Mimi ndiye niliyempa.

Ilikuwa inaitwa Malkia wa Bonde la Moto. Kabla ya kuwa filamu, ilikuwa katuni iliyotoka kwenye gazeti, vipande vinne vya picha kila siku. Baba yangu, Mzee Sharmarke, aliipata akiwa kijana mdogo huko Garissa, kwenye magazeti ya kufungia sukari. Aliyakunjua, akayanyoosha kwa kiganja, akayaficha chini ya godoro. Baba ni mtu mkali, mfanyabiashara wa ng'ombe ambaye soko zima la Kajiado humwamkia kwa heshima, lakini mtajie ile katuni uone uso wake. Atakusimulia jinsi Malkia alivyoibwa, na jinsi Sultani, baba yake, alivyomtafuta jangwani siku arobaini kwa miguu. Ndani ya katuni, baba ndiye shujaa.

Walioitengeneza filamu walichukua majina tu. Ushujaa wakampa rubani mmoja mwenye kidevu kizuri, na Sultani wakamwachia dakika chache za kukaa kitini na kukunja uso.

"Nitamrudishia Mzee Sultani wake," Leshan aliniambia nilipomsimulia haya. "Picha siwezi kubadilisha, lakini maneno ni yangu. Nitamfanya Sultani aongee mpaka mtu alie. Halafu siku wazee wetu wakienda kwenu kukuposa, nitampelekea hiyo muvi mkononi."

Nililia siku hiyo kwa furaha. Kwetu walikuwa wamemkataa kwa karibu mwaka mzima. Si Msomali, si Mwislamu, ni Mmasai wa Kajiado, na kazi yake ni ya kupiga kelele kwa mashine. Leshan alianza kwenda kwa ustadhi kusoma dini bila mimi kumwomba. Mwishowe baba akalegea kidogo. "Waje Jumamosi," akasema. "Nitasikiliza." Jumamosi hiyo ilikuwa imebaki siku mbili.

Nikavuka barabara. Kwenye televisheni ya kinyozi Sultani alikuwa amekaa kitini, ameshika barua aliyoandikiwa na rubani. Aliigeuza upande mmoja, akaigeuza upande wa pili.

"Wewe sikiza, sirudii mimi," alisema Sultani.

Ilikuwa sauti ya baba yangu. Kiswahili cha baba yangu, na lile neno lake ambalo kila mtu sokoni analijua. Hata kikohozi chake kidogo cha kabla ya kuanza kuongea kilikuwemo.

"Miwani yangu iko wapi? Nimesahau miwani nyumbani. Binti, hebu nisomee hii kitu."

Malkia akageukia pembeni. "Huyu hajasahau miwani," akanong'ona. "Hajawahi kuwa na miwani tangu azaliwe. Hajui kusoma!"

Kinyozi aliinama akishika tumbo. Nduta alinipiga begani. "Huyo mzee jamani!"

"Imetoka lini?" nilimwuliza.

"Hii? Wiki mbili hivi. Kwani hukujua?"

Leshan alikuwa ameniambia juzi kwamba bado hajaimaliza.

*

Chumba chake cha kurekodia kilikuwa nyuma ya duka la mabati, kuta zimefunikwa blanketi na trei za mayai ili kelele za barabara zisiingie. Alikuwa amevaa visikizi masikioni. Aliponiona akavivua, na uso wake ukafunguka jinsi ulivyokuwa ukifunguka kila mara anionapo, na moyo wangu mjinga ukaruka jinsi ulivyozoea.

"Samsam wangu. Leo umekuja mwenyewe?"

"Sultani anafanya nini kwa ile muvi?"

Tabasamu likamwisha polepole.

"Nani amekuonyesha?"

"Sio hilo nimekuuliza."

Akasimama. Ni mrefu, na chumba kilikuwa kidogo, na kwa siku nyingine ningejifanya naangalia blanketi ili asione ninavyomwangalia. Siku hiyo nilimtazama moja kwa moja.

"Nilianza vizuri," alisema. "Nakuapia. Sultani wa kwanza alikuwa mzee wa heshima, mpaka mimi mwenyewe nilisikia kulia. Nikawawekea watu kadhaa waone, wakasinzia. Mmoja akaanza kuangalia simu. Halafu siku moja nikajaribu tu ile sauti, kwa mchezo, na watu wakaanguka chini."

"Ile sauti. Sema ya nani."

Akavizungusha visikizi mkononi.

"Sema, Leshan."

"Ya Mzee."

"Uliijulia wapi? Hujawahi kukutana na yeye."

"Samsam, unajua."

Nilijua. Baba haandiki ujumbe. Kila siku hunitumia sauti kwenye simu: umekula, umefunga duka, baridi ya Kitengela ni mbaya vaa sweta. Na mimi, kwa upumbavu wa mtu anayependa, nilikuwa namwekea Leshan azisikilize.

"Nilikuwekea ndiyo umpende," nilisema.

"Na nilimpenda! Huwezi kuiga mtu hivyo kama humpendi. Nimesikiza huyo mzee mpaka najua akivuta pumzi wapi. Kuna siku namwota."

"Na miwani? Hiyo pia ni mapenzi?"

Aliketi. Mikono akaiweka kati ya magoti.

Watu watatu tu duniani walikuwa wanajua kwamba baba yangu hawezi kusoma: mama yangu, ambaye ameshaenda mbele ya haki, mimi, na Leshan. Hata kaka yangu Keynan hajui. Tangu nilipoanza shule mimi ndiye niliyekuwa macho ya baba. Alikuwa akinipa karatasi mbele ya watu na kusema amesahau miwani, nami nilikuwa nasoma kwa sauti ya chini, nikijisikia mkubwa kuliko malkia yeyote. Leshan nilimwambia ili aelewe kwa nini mtu mzima na ndevu zake anapenda katuni. Kwa sababu picha zilikuwa hazimfichi kitu.

"Nilidhani hakuna mtu atajua ni yeye," Leshan alisema.

"Yeye atajua."

"Yeye haangalii hizi vitu."

"Kwa hivyo ulipanga asione. Na mimi je? Yale maneno ya Kona Baridi?"

"Hayo ndiyo maneno mazuri zaidi mtu amewahi kuniambia," alisema, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Nikiwa hapa peke yangu na hiyo mashine, nikitaka Malkia aseme kitu cha mapenzi, hakuna kingine kilikuja. Kila kitu kizuri niko nacho ni wewe ulinipea."

"Nilikupa wewe. Sikuwapa vinyozi."

Akainuka, akanyoosha mkono. Sikurudi nyuma, lakini nilimwangalia hivyo hivyo mpaka mkono ukashuka wenyewe.

"Naitoa leo," alisema. "Natengeneza nyingine."

"Utaitoa kwa kila simu iliyoko Rombo?"

Na ndipo simu yangu ikalia mkononi. Ilikuwa sauti kutoka kwa baba. Ilikuwa siku ya pili bila yeye kunitumia chochote, na mimi nilidhani ni shughuli za soko. Niliibonyeza hapo hapo, mbele ya Leshan.

Kikohozi kidogo. Kisha: "Samsam. Kuja Kajiado leo."

Basi. Kwa Kisomali baba zetu huwaita watoto wao "aabo", kama sisi tunavyowaita wao, na baba hajawahi kunitumia sauti isiyoanza na neno hilo. Leshan, aliyezisikiliza zote, alilitambua pengo hilo sawasawa na mimi. Nilimwona akifumba macho.

"Nakuja na wewe," alisema.

"Usithubutu."

*

Saa tisa alasiri nilikuwa soko la mifugo la Kajiado. Wanunuzi wengi walikuwa wameshaondoka, vumbi limeanza kutulia. Baba alikuwa amesimama kando ya uzio wa mbao, mgongo wima, ndevu zake nyekundu kwa hina, bakora chini ya kwapa. Nilipokuwa bado mbali, vijana wawili waliokuwa wakiswaga mbuzi walimpita.

"Mzee, miwani!" mmoja akapaza sauti, na mwenzake akacheka.

Baba hakugeuza kichwa. Hilo ndilo lililoniumiza. Mtu asiyegeuka ni mtu aliyeshazoea.

"Nabad, Aabo," nilimwamkia.

"Nabad." Aliendelea kuangalia ng'ombe. "Tangu Jumanne wananiita hivyo. Mimi nilidhani ni mchezo wa vijana. Jana asubuhi mmoja akanionyesha simu. Akasema, Mzee, huyu ni wewe. Nikaangalia. Kweli ilikuwa mimi."

"Aabo..."

"Nani alimwambia huyo kijana wako?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kumsingizia marehemu mama.

"Mimi."

Akapepesa macho mara mbili.

"Ulikuwa unamwambia ndiyo mcheke?"

"Hapana, wallahi. Nilimwambia ndiyo akujue. Nilikuwa nataka akupende kabla hajaja."

"Miaka ishirini umenisomea," alisema baba. "Kila karatasi. Hata ile ya hospitali ya mama yako, ulisoma wewe, mtoto. Mimi nilikuwa nasema, hata nikikosa kila kitu, niko na mtu mmoja ambaye mbele yake sioni haya." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Sasa hata wewe naona haya, Samsam."

Nililia bila kujificha. Hakunizuia wala hakunibembeleza.

Pikipiki ilisimama karibu na lango. Sikuhitaji kugeuka, nilizijua hatua zake. Leshan alitembea mpaka mbele ya baba yangu, akavua kofia, akainamisha kichwa jinsi kijana wa Kimasai anavyoinama mbele ya mzee akingoja kuguswa. Baba hakumgusa.

"Assalamu aleikum, Mzee."

Baba alimtazama kwa mara ya kwanza maishani mwake, na alimtambua papo hapo kwa sauti.

"Wewe ndio ile mdomo," alisema.

"Ni mimi, Mzee. Naitwa Leshan. Nimekuja kuomba msamaha. Samsam hana makosa. Makosa ni yangu yote."

"Una sauti nzuri."

Leshan akababaika. "Asante, Mzee."

"Nataka kukuuliza. Kwa katuni, ile ya gazeti, Sultani alifanya nini binti yake akiibwa?"

"Alimtafuta, Mzee. Jangwani. Siku arobaini kwa miguu."

"Nani alikuambia?"

"Samsam."

"Kwa hivyo ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Wale Wazungu walikuwa hawanijui mimi," alisema baba. "Waliharibu hadithi, sawa, ni biashara yao. Wewe ulikuwa unajua." Akageuza uso. "Basi. Nimemaliza na wewe."

Leshan alibaki pale pale, kofia mkononi. Alinitazama, na katika macho hayo niliona kila kitu nilichokuwa nimekipenda: upole, aibu, mapenzi ya kweli kabisa. Hakuwa mwongo kwa hayo. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mwongo.

"Jumamosi msije," nilimwambia.

"Tusogeze mpaka lini?"

"Sijasema msogeze."

"Samsam. Nitakaa nje ya duka lako kila siku. Nitatangaza kwa kila muvi kwamba nilikosea. Niambie nifanye nini, nitafanya."

"Swali hilo limechelewa. Ungeniuliza siku moja tu, kabla ya kuitoa. 'Samsam, naweza kusema hili?' Ningekwambia hapana, na leo ungekuwa unachagua kanzu ya Jumamosi."

Akafungua mdomo. Yule aliyeweza kumwigiza sultani, malkia na jeshi zima lenye farasi hakupata neno hata moja. Akavaa kofia yake, akaenda. Nilisikiliza pikipiki mpaka ilipopotea upande wa barabara ya Namanga, na muda wote wa mlio ule nilitamani irudi.

Musila, mnunuzi wa ng'ombe kutoka Machakos, alikuja akitembea kwa haraka na karatasi mkononi. "Mzee Sharmarke, kibali cha kusafirisha wale fahali hiki hapa. Angalia kama kiko sawa, tuanze kupakia."

Baba aliipokea. Watu kama kumi walikuwa pale uzioni, na wale vijana wa mbuzi walikuwa wamerudi. Nikaona mmoja anamgusa mwenzake kwa kiwiko. Nikanyoosha mkono wangu, kama kawaida.

Baba hakuniangalia. Alimrudishia Musila karatasi.

"Nisomee," alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Mimi sijui kusoma. Sikupelekwa shule, nilipewa ngamia nichunge. Soma yote, polepole."

Musila alitazama huku na huku, akafungua karatasi, akaanza. Alisoma rangi za fahali, alama za masikio, jina la baba, mahali wanakotoka na wanakokwenda. Baba alisikiliza akiitikia kwa kichwa. Mahali pamoja akamkatiza: "Hapo rudia. Huyo ana alama ya sikio la kushoto, wameandika kulia." Musila akaangalia fahali, akaangalia karatasi, akasema, "Kweli, Mzee." Yule kijana wa mbuzi aliangalia miguu yake.

Na mimi mkono wangu ulikuwa bado umenyooka, hauna kitu. Niliushusha.

Tulitembea kuelekea nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Kwa muda mrefu nilisikia bakora yake tu ikigonga changarawe.

"Huyo kijana," alisema bila kugeuka. "Unampenda?"

"Ndiyo, Aabo."

"Hata leo?"

"Hata leo."

Alitafakari hatua kadhaa. "Hiyo itakusumbua muda mrefu."

"Najua."

"Usimfuate."

"Sitamfuata."

Nilikusanya ujasiri wangu wote. "Na mimi, Aabo? Umenisamehe?"

"Bado."

Tulifika barabara kubwa. Lori la saruji lilikuwa linakuja kwa kasi kutoka upande wa Namanga, na mimi, macho yakiwa yamejaa machozi, nilikuwa nimeshaweka mguu mmoja kwenye lami. Baba alinyoosha mkono wake mbele ya kifua changu, akanirudisha nyuma kwa nguvu, jinsi alivyokuwa akinizuia nikiwa darasa la kwanza. Lori likapita, upepo wake ukatupiga. Mkono wake ulibaki pale kitambo kidogo, mzito. Kisha akauondoa haraka, kama aliyekumbuka kwamba amekasirika, akatazama kulia na kushoto kwa ajili yetu sote wawili, na tukavuka.